Feni Iliyohamisha Kabati la Mama Jashoda

Kidole cha fundi Mwinyimvua kiligusa chuma, kikabaki pale pale kama kimenaswa. Chuma kilikuwa baridi.

Aligusa tena, safari hii kwa vidole vitatu. Kioo cha kompyuta kilionyesha kwamba prosesa, ubongo wa mashine, imefika nyuzi joto tisini na saba. Feni zilikuwa zinavuma kwa nguvu zao zote, sauti kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi, na glasi ya maji iliyokuwa mezani ilitetemeka. Kwa moto wa namna ile, kipozeo kilipaswa kumbabua. Kipozeo ni lile bonge la mapezi membamba ya alumini linalokaa juu ya prosesa na kulibeba joto lake ili feni ilipeperushe. Hiki hakikuwa kimebeba kitu. Kilikuwa vuguvugu tu, tena kwa mbali, kama kijiko kilichosahauliwa kwenye droo.

"Vipi fundi?" Rinkal, mke wa mwenye mashine, aliuliza kutoka kwenye kochi. "Mbona umeganda hivyo? Umeona nyoka humo?"

Mwinyimvua alikuwa bado anakitazama chuma. Fundi yeyote mwenye akili timamu anajua maana ya chuma baridi juu ya prosesa inayochemka: joto limezibwa njia. Kuna kitu kimekaa katikati. Na kipozeo kile hakikuwa kimefungwa na mtu mwingine yeyote. Alikuwa amekifunga yeye, kwa mikono yake, miezi minne iliyopita.

Ili kuelewa kwa nini jambo dogo kama hilo lilimtoa jasho mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, ni lazima kwanza umjue Mwinyimvua.

Fremu yake ya kazi iko Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ghorofa ya kwanza, mwisho wa ujia ambao watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kugeuka ubavu. Jirani yake ni Kijakazi, muuza makava ya simu, mwanamke mwenye sauti ya kufika hadi mtaa wa pili. Mteja akipanda ngazi na kompyuta kwapani, Kijakazi ndiye anayempokea. "Ukitaka kubembelezwa, fremu ya tatu. Ukitaka ukweli, kwa Mwinyimvua pale mwisho. Lakini ujiandae kusemwa!"

Hakuwa anatania. Katika jengo lile mafundi wengine humwambia mteja kwamba bodi imeungua hata kama ni waya tu umechomoka. Mwinyimvua hakuwahi kufanya hivyo, na kwa miaka ishirini na sita jina lake lilikuwa limesimama juu ya jambo hilo moja. Kwake, mwongo alikuwa mwongo hata kama amedanganya kuhusu skrubu. Mteja aliyemwagia mashine chai akasema ni mvua, alirudishiwa mashine yake bila kuguswa. Alisema wazi, mbele za watu, kosa ni la nani. Alijivunia hivyo. Tatizo la mtu wa aina hii ni kwamba anazoea kutafuta kosa upande mmoja tu wa meza, ule anaokaa mteja.

Gaurav alipoagiza kompyuta ya kuchezea gemu, aliagiza kwake. Gaurav ana miaka thelathini na moja, anauza mabomba na koki katika duka la familia Mtaa wa Swahili, na anaishi Upanga na mke wake Rinkal na mama yake mzazi, Mama Jashoda, katika fleti ya ghorofa ya tatu yenye vyumba viwili. Jioni, baada ya kufunga duka, starehe yake ni kucheza mpira wa kwenye kompyuta na wenzake wanne walioko Arusha na Mwanza, kila mtu kwake, wakizungumza kwa vipaza sauti vya masikioni. Hanywi, hazururi. Ndiyo starehe yake.

Mashine ilipowashwa mara ya kwanza pale fremuni, ilinguruma. Gaurav akauliza kama ni kawaida.

"Hii ni mashine ya nguvu," Mwinyimvua alisema. "Lori haliwezi kulia kama baiskeli."

Gaurav akaridhika, akaipeleka nyumbani. Sehemu pekee yenye nafasi ya meza na soketi ya uhakika ilikuwa kona ya sebule, chini ya kabati la ibada la mama yake.

Kabati lile, ambalo wao huliita mandiri, ni la mbao ya mninga, dogo, lenye milango miwili iliyochongwa kwa patasi. Marehemu mume wa Mama Jashoda alilitundika ukutani mwenyewe mwaka waliohamia Upanga. Ndani mna sanamu za miungu yao, picha ya marehemu, na taa ya shaba inayowashwa kwa utambi wa pamba uliolowekwa samli. Asubuhi na jioni Mama Jashoda huoga, hukaa mbele yake kwenye kigoda akitazama mashariki kama inavyotakiwa, huwasha taa na vijiti viwili vya udi, na husali. Amefanya hivyo pale pale kwa miaka arobaini na moja.

Kelele hazikupungua. Zikaongezeka. Wenzake Gaurav wakaanza kumsimanga mchezoni: "Bro, zima hiyo jenereta, tutakununulia umeme wa luku!" Mmoja akamwita Mzee wa Kiwanda, na jina likanasa. Wiki tatu zilizopita Gaurav alimwita fundi.

Mwinyimvua alifika, akafungua ubavu wa kasha, akavuta kichujio cha vumbi cha mbele. Kilikuwa cheusi. Si vumbi la kawaida la Dar, lile jekundu linalopulizika. Lilikuwa masizi yenye mafuta, yanayonata kidoleni. Akanusa. Samli na udi. Akainua macho, akaona taa ya shaba inawaka juu ya kichwa chake, na moshi unashuka taratibu kufuata upepo wa feni.

Akasimama katikati ya sebule, bisibisi mkononi, akasema kwa sauti ya kutosha nyumba nzima:

"Ugonjwa nimeupata. Mashine hii inavuta moshi asubuhi na jioni. Feni hailii kwa kupenda, inalia kwa sababu mashine imeshikwa na joto, na joto ni kwa sababu ya huu uchafu wa samli. Mnaiua wenyewe."

Mama Jashoda alikuwa mlangoni mwa jiko. "Baba," alisema kwa upole, "kelele hizi zilikuwepo tangu siku ya kwanza, kabla hata moshi wangu haujafika humo."

"Mama, mimi ni fundi wa miaka ishirini na sita," Mwinyimvua akamjibu. "Nikisema ni moshi, ni moshi."

Alisafisha kichujio, akapuliza kwa blowa, akaiwasha bila kufungua mchezo wowote. Mashine ikatulia kidogo. Akaondoka ameinua kichwa. Jioni Gaurav alipofungua mpira wake, ndani ya dakika tano kiwanda kikarudi kazini. Akapiga simu.

"Moshi bado upo hapo?" Mwinyimvua aliuliza.

"Ba anasali kama kawaida," Gaurav alijibu. Ba ndivyo anavyomwita mama yake.

"Basi usinipigie mimi. Nilishasema. Hamisheni moshi."

Na kabati likahamishwa.

Yote hayo yalipita kichwani mwa Mwinyimvua Jumamosi hii alasiri, vidole vyake vikiwa bado juu ya chuma baridi. Alipoingia, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa ukuta. Mahali pa kabati palibaki mraba mweupe kuliko rangi nyingine, na matundu manne ya skrubu. Hakulitilia maanani. Alijiambia wamefanya vizuri kumsikiliza. Mashine iliendelea kupiga kelele siku kumi na saba baada ya moshi kuondoka, Gaurav akampigia tena, naye akaja akiwa na uhakika kwamba atakuta wamelificha kabati mahali pengine karibu na meza.

"Zima," alimwambia Gaurav.

"Umeona nini?"

"Zima kwanza."

Feni zilipokoma, sebule ilikuwa kimya kiasi cha kusikia bajaji zikipanda barabara ya hospitali. Mwinyimvua alilaza kasha ubavu, akachomoa waya, akaanza kulegeza skrubu nne za kipozeo. Skrubu ya tatu ilimponyoka ikabiringika chini ya kochi. Rinkal akainama kuitafuta.

Siku ya kukifunga aliikumbuka. Ilikuwa Ijumaa. Gaurav alikuwa amekaa kwenye stuli pale fremuni anasubiri, na kipozeo kilikuwa cha aina ngeni, hakijawahi kupita mikononi mwake. Alikuwa amekitoa kwenye boksi, amekishika, yuko karibu kukifunga, adhana ikaita. Akakiweka chini, akatawadha, akaenda msikitini. Aliporudi alikuta wateja watatu wamejazana kwenye ujia, na Kijakazi anawapigia kelele wasimwangushie makava. Akapaka prosesa ile grisi ya kijivu ya kupitisha joto, akakandamiza kipozeo juu yake, akafunga, akawasha. Hakukigeuza kutazama chini yake. Na kwa desturi yake yeye nailoni ya kufunikia vitu vipya si kitu cha kubandua ovyo. Rimoti ya televisheni nyumbani kwake Buguruni ina nailoni mwaka wa sita. Friji lina nailoni. Wateja wake wote huwaonya wasibandue nailoni ya kioo, ili kitu kibaki kipya.

Skrubu ya nne ilitoka. Alikinyanyua kipozeo, akakigeuza.

Ilikuwa pale. Kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa stempu mbili, kimekunjamana kwa joto na kuwa cha manjano pembeni, kimelala kati ya shaba ya kitako cha kipozeo na grisi. Kilikuwa na kikia kidogo chekundu cha kushikia, na juu yake maandishi madogo ya Kiingereza yaliyosema kiondolewe kabla ya kufunga.

Mwinyimvua alikodoa macho. Alisoma maneno yale mara mbili, kisha mara ya tatu, kana kwamba yangebadilika. Kitu chembamba kuliko gamba la kitunguu! Kwa miezi minne prosesa ilikuwa inaungua chini ya nailoni, inapeleka amri feni zikimbie, feni zinakimbia mpaka kukata pumzi, zinapeperusha chuma ambacho hakikuwa na joto lolote la kupeperushwa. Moshi wa mama wa watu ulikuwa umechafua kichujio, ndiyo. Lakini moshi haukuwa umefanya hili.

"Hii hapa skrubu," Rinkal alisema akiinuka kutoka chini ya kochi, vumbi magotini.

Na kabla hajageuka vizuri, mkono wa kushoto wa Mwinyimvua ulikuwa umeshabandua nailoni na kuifumbata.

Hakuupanga mkono ule. Ulikwenda wenyewe, upesi, kama mkono wa mwizi wa sokoni. Yeye mwenyewe alishtuka kuuona umefumba. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewanyooshea wengine kidole kwa uongo mdogo, na sasa uongo ulikuwa kiganjani mwake, una vuguvugu na unanata.

"Asante, mama," alimwambia Rinkal, akaipokea skrubu kwa mkono wa kulia.

Akafuta grisi ya zamani, akapaka mpya, kiasi cha punje ya dengu, akakandamiza shaba tupu juu ya prosesa, akafunga skrubu kwa mkingamo ili kipozeo kikae sawa. Nailoni akaitia mfuko wa shati. Hakuna aliyeona. Gaurav alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu.

"Washa. Fungua mpira, uuache ucheze."

Gaurav akawasha. Wakasubiri dakika tano, kumi. Kioo kikaonyesha nyuzi hamsini na nane, sitini, sitini na mbili, zikakoma hapo. Feni zilikuwa zinazunguka, lakini ulilazimika kuinama kuzisikia. Glasi ya maji ilitulia. Gaurav alivaa vipaza sauti vyake, akawasemesha wenzake, na wote sebuleni walisikia kicheko kikipenya kutoka masikioni mwake.

"Wanauliza kama nimehama nyumba!" alisema, macho yamemtoka. "Fundi, umefanya nini?"

"Nimepaka grisi mpya," Mwinyimvua alisema. Ilikuwa kweli. Hakuwahi kujua kwamba neno la kweli linaweza kukwaruza koo kiasi kile.

"Kumbe ni kweli ulikuwa moshi!" Gaurav akavua vipaza sauti, akageukia jikoni. "Ba! Ba, njoo usikilize! Si nilikwambia? Moshi umetoka, grisi imebadilishwa, mashine imepona!"

Rinkal akamtazama mumewe. "Mwache mama yako."

"Nasema tu ukweli."

"Unasema tu." Akamgeukia fundi, akashusha sauti. "Mama haongei naye vizuri tangu siku ile. Kabati tumelitia stoo, pale penye mashine ya kufulia. Ukutani kwa mashariki kuna tangi la maji, kwa hiyo analazimika kusali akitazama magharibi, kinyume. Siku tatu za kwanza aliwasha taa mlango umefungwa, akakohoa hadi tukaogopa. Sasa hawashi. Anakaa tu gizani na ndoo zangu."

Mwinyimvua aliinua macho akatazama matundu manne ukutani. Yalikuwa yanamtazama yeye.

Mama Jashoda alitoka jikoni na sinia. Alikuwa na miaka sabini na minne, mfupi, mwenye sari ya kijivu ya nyumbani na miwani iliyofungwa kamba. Aliweka sinia mezani, chai ya maziwa yenye tangawizi na sahani ya chevda, vitafunio vya kukaangwa vyenye viungo, akasikiliza. Alisimama akisikiliza ule ukimya kwa muda, uso wake ukianguka kidogo kidogo. Kisha akafunga viganja vyake pamoja mbele ya kifua, kama afanyavyo mbele ya kabati lake.

"Basi ulikuwa moshi wangu," alisema. "Nisamehe, baba. Siku ile nilikubishia mbele ya watu, na moyoni nilisema huyu fundi ananisingizia. Hata kwa Mungu nilikushtaki. Nimekosa. Kunywa chai."

Mwinyimvua alihisi kama amepigwa kofi na mtu asiyemtarajia. Amesemwa mara nyingi maishani; ametukanwa na wateja, amesukumwa kwenye ngazi. Lakini hajawahi kuombwa radhi na mtu ambaye yeye ndiye aliyemdhulumu, mwanamke wa rika la mama yake mzazi, aliyefunga viganja, na ushahidi wa dhuluma uko mfukoni mwa shati lake umbali wa inchi moja kutoka moyoni. Angeweza kunyamaza. Mashine imepona. Jina lake lingeteremka ngazi zile safi kama lilivyopanda, na Gaurav angelitangaza Kariakoo nzima. Na yule mama angekaa gizani na ndoo hadi siku ya kufa kwake, akiamini kwamba mahali pake palikuwa pale.

Kikombe alikuwa amekishika. Akakirudisha kwenye sinia bila kunywa.

"Mama, usiniombe radhi," alisema. "Nimeficha kitu."

Akatia mkono mfukoni, akatoa nailoni, akaiweka mezani mbele yao. Ilikuwa imejikunja kama jani bichi lililokaangwa.

"Nini hicho?" Gaurav akauliza.

"Hii ilikuwa chini ya kipozeo. Inatakiwa kubanduliwa kabla ya kufunga. Sikuibandua. Nilikifunga nayo mimi, siku ile ya Ijumaa ulipokuwa umekaa kwenye stuli. Joto lilikuwa halipiti. Ndiyo maana mashine ililia tangu siku ya kwanza, kama mama alivyosema. Na sasa hivi nimeitoa nikaificha, nikakwambia ni grisi."

Rinkal alikuwa wa kwanza kupata pumzi.

"Ha!" Alipiga kofi moja kubwa. "Siku kumi na saba mama wa watu anasali na sabuni ya unga, kumbe ni kikaratasi! Wewe si ndiye wanayesema hajawahi kudanganya? Kariakoo nzima hakuna mwingine, tukaletewa wewe!"

"Rinkal," Gaurav alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Uso ulikuwa umemwiva. Aliiokota nailoni, akaitazama, akaiangusha kama imemuunguza. "Fundi, ulinipigia kelele kwenye simu. Ulisema nisikupigie. Mimi nikaenda nikamwambia Ba..." Alimtazama mama yake, akainamisha kichwa, kwa maana alikumbuka vizuri alichomwambia, na hicho hakikutoka kwa fundi.

Mama Jashoda alinyoosha mkono. Alichukua nailoni kwa vidole viwili, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akainua miwani.

"Nyembamba hivi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na moshi wangu? Haukufanya lolote?"

Hapa palikuwa na mlango wa kujitetea, na palikuwa na mlango wa kumpendeza mzee kwa uongo mwingine. Mwinyimvua aliipita yote miwili. "Moshi unachafua kichujio, mama, na baada ya mwaka ungeleta taabu. Hilo lilikuwa kweli. Lakini kelele hazikutokana na moshi. Nilikuta uchafu nikafurahi, nikaacha kutafuta."

Alidhani atasema basi, yamekwisha. Wazee wengi wangesema hivyo, na yeye angeteremka ngazi akiwa amesamehewa haraka kuliko alivyostahili. Mama Jashoda hakusema hivyo. Aliiweka nailoni mezani, akanyoosha kidole katikati ya sebule.

"Siku ile ulisimama pale," alisema. "Ulisema kwa sauti, hata jirani wa chini alisikia, aliniuliza kwenye ngazi kama ni kweli nimeharibu kompyuta ya mwanangu. Nenda kasimame pale pale. Useme tena, kwa sauti ile ile."

Mwinyimvua alikwenda. Hatua nne tu, lakini zilikuwa ndefu kuliko ngazi za jengo lake. Akasimama mahali alipokuwa amesimama wiki tatu zilizopita, bila bisibisi mkononi, akasema kwa sauti ya kutosha nyumba nzima na ghorofa ya chini:

"Mama Jashoda hakuharibu mashine. Niliiharibu mimi, Mwinyimvua, kwa haraka yangu na kwa kiburi changu. Nilimsingizia."

Mlango wa fleti ya chini ulisikika ukifunguliwa, kisha ukafungwa taratibu.

Gaurav alikuwa ameshasimama. Hakumtazama fundi. Alikwenda stoo, na punde wakasikia ndoo zikisogezwa. Alirudi amekumbatia kabati la mninga lililo tupu, jasho linamtiririka, akaliegemeza ukutani chini ya matundu manne.

"Sanamu nitabeba mwenyewe," Mama Jashoda alisema. "Asiziguse mtu. Fundi, una bisibisi kubwa?"

"Ninayo."

"Basi fanya kazi."

Mwinyimvua na Gaurav walilinyanyua kabati pamoja, mmoja kila upande. Skrubu mbili kati ya nne ziliingia bila shida. Mbili zililegea, matundu yamepanuka, ikabidi Rinkal achonge vijiti vya kiberiti kuyajaza, huku akiendelea kunung'unika kwamba nyumba hii wanaume wanajua kubomoa tu. Gaurav alipomaliza kushikilia, alibaki amesimama mbele ya mama yake, mikono imening'inia.

"Ba, na mimi pia," alisema. "Nilisema kabati ni takataka za zamani. Nisamehe."

Mama Jashoda alimtazama mtoto wake. "Wewe tutazungumza baadaye," alisema. "Sasa tazama hapo chini. Fundi amesema moshi unachafua kichujio. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama," Mwinyimvua alisema.

"Basi meza ihame."

Gaurav alifungua kinywa, akataka kusema kitu kuhusu soketi, akaona macho ya mke wake, akakifunga. Wakaivuta meza hadi ukuta wa pili, karibu na mlango wa baraza. Waya haukufika, Mwinyimvua akaahidi kuleta mwingine mrefu Jumatatu, wa kwake. Akafuta jasho. Ndipo Mama Jashoda alipomsukumia tena kikombe cha chai, kilichokwisha kupoa, na safari hii akakinywa chote akiwa amesimama.

"Kaa, nikuongezee," Rinkal alisema, kwa sauti iliyolainika kidogo.

Lakini Mama Jashoda alikuwa anaitazama ile nailoni mezani. Mume wake alifanya biashara Kariakoo miaka thelathini, na yeye alikaa kaunta miaka yote hiyo.

"Vipozeo vya aina hii," aliuliza, "ulifunga kimoja tu?"

Tangu Mwinyimvua alipogusa chuma baridi, swali hilo halikuwa limempitia kabisa akilini. Alihesabu kwa vidole bila kutaka. Mwanafunzi wa chuo mmoja, aliyeambiwa kwamba chumba chake hakina hewa. Msichana wa studio ya picha Buguruni, aliyeambiwa kwamba anaitumia mashine vibaya. Mwalimu Ansbert, mtu mpole, aliyekuja mara mbili na mara mbili akarudishwa kwa maneno makali kuhusu vumbi la nyumbani kwake. Wote watatu walikuwa wamesemwa. Wote watatu walikuwa wamenyamaza, kwa sababu yeye ndiye fundi asiyedanganya.

"Vinne," alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyeamshwa kwa maji. "Pamoja na hiki."

"Basi usiketi kunywa cha pili," Mama Jashoda akasema, akampa mfuko wake wa vifaa.

Aliteremka ngazi simu ikiwa sikioni. Kwenye kituo cha pili cha ngazi mwalimu alipokea, na nyuma ya sauti yake, kwa mbali, Mwinyimvua aliisikia feni inavuma.

"Habari za saa hizi, mwalimu. Mimi Mwinyimvua, fundi wa Aggrey. Upo nyumbani? Naomba nije sasa hivi. Hapana, mwalimu, si vumbi. Halikuwa vumbi."